Damu na Sonona: Kipimo cha Maabara Kinapofika Kiomboi

Sonona, ugonjwa wa akili ambao dalili zake kuu ni huzuni isiyokoma kwa majuma mawili au zaidi na kukosa raha katika mambo yaliyozoeleka kumfurahisha mtu, hadi leo hutambuliwa kwa mazungumzo baina ya mgonjwa na tabibu. Ndiyo sababu watafiti wamekitafuta kwa muda mrefu kiashiria cha kibayolojia, yaani kitu kinachopimika mwilini na kutoa habari za ugonjwa. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walipendekeza kipimo cha deksamethasoni: mgonjwa humeza kidonge cha dawa hiyo usiku, na kesho yake damu hupimwa kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huimwaga mwili unapobanwa na dhiki. Kwa kawaida kidonge huituliza homoni hiyo, ilhali kwa baadhi ya wenye sonona haitulii. Matumaini yalikuwa makubwa kuliko kipimo chenyewe, kwa kuwa ulevi, kukonda na maradhi mengine vilitoa jibu lile lile.

Kinachozungumzwa zaidi siku hizi ni CRP, protini iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, ambayo ini huitengeneza kwa wingi likichochewa na interlukini-6, mojawapo ya kemikali ambazo chembe za kinga hupashana habari kwazo. Takribani robo ya wenye sonona waliochunguzwa wana CRP inayozidi miligramu 3 kwa lita. Robo tatu, basi, hawana. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, infliximabu, dawa ya kutuliza kinga, haikuizidi dawa bandia kwa wagonjwa wote kwa jumla, ila waliokuwa na CRP ya juu walielekea kupata nafuu. Kiashiria hicho, kwa hiyo, hakimtambui mwenye sonona; pengine kinabagua aina mojawapo ya sonona.

Na achukuliwe, kwa mfano, mkulima wa alizeti anayefika hospitalini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba nchini Tanzania, akilalamika kuwa mwili hauna nguvu, usingizi hauji na moyo hautaki kitu. Kidole hutobolewa, tone hudondoshwa kwenye kibao cha kipimo cha haraka cha malaria, na muda si muda mistari miwili hujitokeza, ishara kwamba ana malaria. Malaria peke yake yaweza kuipandisha CRP hadi makumi ya miligramu, na kifua kikuu nacho huipandisha. Ile 3 ya vitabuni itaonekana wapi hapo? Damu ya mkulima huyo ina kazi nyingine iliyo wazi zaidi, nayo ni kuonyesha upungufu wa damu au ulegevu wa tezi ya shingo, hali zinazofanana mno na sonona.

Nje ya maabara, kipimo kilichokaribia kusikia maneno ya wagonjwa wenyewe ni dodoso la sonona la vipengele 19 ambalo Sylvia Kaaya na wenzake walilichapisha mwaka 2008, baada ya kulijaribu nchini Tanzania. Hata hivyo, kikongwe wa Iramba anayeusema uchungu wake kwa Kinyiramba huenda asijione katika maswali ya Kiswahili, na kabla ya CRP yake kusomwa kama habari ya sonona, sharti kwanza ijulikane CRP ya jirani yake asiye na sonona ni ngapi, masika na kiangazi.