Siku ya Mwisho Haina Ubabe

Hapa Babati baiskeli tunaijua kwa magunia ya mahindi na madumu ya maji. Mwaka 2007 Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alishindana Cape Epic, Afrika Kusini, pamoja na kocha wake, Jonathan Boyer. Ni siku nane za milima na vumbi, wawili wawili, na wenza hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Muda wa siku zote hujumlishwa. Siku ya mwisho miguu imekwisha. Cheni ikikatika, jasho la juma zima limemwagika. Hapo mwenye nguvu humngoja mwenzake. Mwaka 2012 Niyonshuti alifika Olimpiki ya London. Vijana wetu wa magunia miguu wanayo. Je, nani atawangoja?