Karatasi ya babu haipo, mashahidi wapo



Kijana anatimiza miaka 18, anakwenda kuomba kitambulisho. Ana cheti cha kuzaliwa, ana vitambulisho vya babake na mamake. Mwenzake aliye nyuma ya foleni anaandikishwa na kwenda zake. Yeye, kwa sababu ya jina lake, anaambiwa: leta cha babu. Babu alishafariki, karatasi haionekani. Basi anarudi nyumbani mikono mitupu. Hapati laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, hapigi kura, na polisi wakifanya msako hana cha kuonyesha.

Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Alhamdulillahi. Lakini tangazo haliandiki historia ya nyumba yako. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Kwanza tuelewe kitu kimoja: karatasi kukosekana si dalili ya ugeni. Hebu tuangalie tarehe. Kile kipande cha mkoloni kilianza kutumika karibu mwaka 1920, na kiliwekwa ili kuwadhibiti wanaume Waafrika kazini. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo haikufika nchi nzima mpaka 1971. Na wanawake? Sheria ilibadilishwa 1978 ndipo wakaanza kupewa vitambulisho. Kwa hiyo bibi yako aliyefariki 1975 hakuwa na kitambulisho kwa sababu sheria haikumhesabu. Anayekudai karatasi ya bibi huyo anakudai kitu ambacho serikali yenyewe haikukitoa.

Pili, sisi si watu wa kushindwa na jambo hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Maandishi na mashahidi, vyote viwili. Na wanavyuoni wa hadithi walitufundisha isnadi: nani kakwambia, yeye kasikia kwa nani, je, walikutana, je, ni mkweli? Elimu hiyo hiyo itumie kwa ukoo wako.

Anza na walio hai. Simu unayo, mrekodi mzee kwa idhini yake. Usimuulize "babu alizaliwa mwaka gani", atakwambia hajui. Muulize: bendera ya uhuru ilipopandishwa 1963, babu alikuwa na watoto wangapi? Mafuriko ya 1961 yaliwakuta mkiishi wapi? Vita vikuu vya pili, alikuwa kishaoa? Hapo mwaka utapatikana wenyewe. Kisha nenda kwa mzee mwingine, asiyeishi nyumba moja na wa kwanza, umuulize yale yale. Wakipishana, andika kauli zote mbili na jina la kila aliyesema. Usilazimishe zilingane.

Halafu tafuta karatasi za pembeni. Huenda babu hana karatasi yake, lakini jina lake limo katika karatasi ya mtu mwingine. Ndoa na talaka za Kiislamu zina sheria ya kusajiliwa tangu 1906, kwa hiyo uliza kwa kadhi na kwa walioandikisha ndoa mtaani kwenu. Usitafute nikahi ya babu pekee. Tafuta ya shangazi, ambapo babu ni walii. Tafuta ya jirani, ambapo babu ni shahidi. Kama familia ilikuwa na shamba au wakfu hapa pwani, kuna madai ya ardhi chini ya sheria ya 1908, na kuna Tume ya Wakfu Mombasa. Aliyefanya kazi bandarini, reli au jeshini huenda ameacha barua ya kazi au karatasi ya pensheni. Kuna pasi ya Hija, kadi ya kura, daftari la madrasa, kitambulisho cha ndugu wa babu. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue Nairobi, ina majalada ya serikali ya kikoloni, na iko wazi kwa raia.

Ukitafuta, badilisha herufi. Karani aliandika alivyosikia. Mohamed, Muhamad na Mahamud si lazima wawe watu watatu, na wala si lazima wawe mmoja. Ndiyo maana unaangalia pia jina la baba, mtaa na mke.

Na usitafute utukufu, tafuta ukweli. Wengine watakuta kuwa babu mkubwa aliletwa mtumwa. Sheria ilifuta utumwa hapa pwani mwaka 1907 tu. Usifiche. Hakuna aibu kwa aliyedhulumiwa.

Ndugu zangu, msikubali njia ya mkato. Kuna watu mitaani wanauza babu: ulipe, uandikwe chini ya ukoo mwingine. Ni uongo mbele ya Allah, ni jinai mbele ya sheria, na watoto wako watarithi jina lisilo lao. Afadhali mzee anayemjua babu yako aende kwa kamishna wa viapo, atoe hati ya kiapo akiwa bado na nguvu.

Kisha jueni haki zenu. Katiba, kifungu cha 14, inasema ni raia wa kuzaliwa yule ambaye babake au mamake alikuwa raia siku alipozaliwa. Mmoja anatosha, babu hakutajwa. Kifungu cha 12 kinampa raia haki ya hati zake. Ukikataliwa, kifungu cha 47 kinakupa haki ya sababu kwa maandishi. Ziombe, kwa adabu, na uweke nakala. Mzazi wako pia anaweza kuandika kuomba taarifa. Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ndugu zetu Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, walifika mpaka kwenye Kamati ya Afrika ya haki za mtoto, na mwaka 2011 ikaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wao. Walikwenda na ushahidi, hawakwenda na kelele peke yake.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja, arekodi, aandike majina na nani kayasema, na nakala aiweke kwa ndugu mwingine. Karatasi iliyopotea yaweza kupatikana mwakani. Mzee akiondoka, haulizwi tena.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.