Hedhi ya Binti Inaporuka Mwezi

Leo tunazungumza na mabinti wadogo na wazazi wao.

Binti amevunja ungo, akapata hedhi ya kwanza, kisha mwezi ukapita kimya. Mama anaingiwa na wasiwasi, pengine anaanza kumshuku. Mama, mwulize mwanao kwa upole kabla ya kumlaumu. Katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, homoni bado hazijazoea mpangilio wake, na yai halipevuki kila mwezi. Kwa hiyo hedhi yaweza kurudi baada ya siku 21, au hata 45, na kudumu siku 2 hadi 7. Hiyo ni kawaida.

Mpe binti kalenda au daftari, aandike siku hedhi inapoanza na inapokoma. Daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya kaunti, ikiwa hedhi imekosekana siku 90, inazidi siku 7, inajaza sodo kila saa moja au mbili, maumivu yanamzuia kwenda shule, au amefika miaka 15 bila kuiona. Akipata kizunguzungu au kuishiwa nguvu, huenda damu imepungua, msisubiri. Na kama huenda ameshika mimba, apimwe mapema, bila matusi.

Binti, uliza. Mzazi, sikiliza.