Usalama wa Kazi Serikalini na Katika Sekta Binafsi: Milango Miwili, Haki Moja

Mada iliyotolewa kwa watumishi wa Halmashauri, waajiri na wafanyakazi wa sekta binafsi katika wiki ya maadhimisho ya Mei Mosi



Zipo kauli mbili ambazo husikika katika kila kijiwe na katika kila foleni ya zahanati. Ya kwanza husema kwamba mtumishi wa Serikali hafukuziki: akishaajiriwa ameajiriwa, afanye kazi asifanye. Ya pili husema kwamba mfanyakazi wa sekta binafsi hana pa kusemea: tajiri akinuna asubuhi, jioni kazi hakuna. Kauli zote mbili si za kweli, na zote mbili zimewagharimu watu. Ya kwanza imewalaza watumishi usingizi, wakaamini kiti hakiondoki mpaka walipoondolewa wao. Ya pili imewafanya wafanyakazi wenye haki kuondoka kimya, wakaja kuuliza wakati muda wa kudai umekwisha kupita.

Ukweli ni kwamba katika nchi hii hakuna mwajiriwa asiyeweza kuondolewa kazini, na wala hakuna anayepaswa kuondolewa ovyo. Kinachotofautiana ni mlango anaopitia mwenye malalamiko, na idadi ya siku alizopewa kuufikia mlango huo.

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1964 nchi ilikuwa na Sheria ya Usalama wa Kazi, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu bila kufuata utaratibu. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, wafanyakazi wengi waliojiona kuwa na ajira ya maisha walijikuta nje ya lango. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba jina la mwajiri peke yake si dhamana. Sheria ile ya zamani ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 8 ya mwaka 2002, ndiyo inayoongoza nidhamu ya watumishi.

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, awe mlinzi, mhudumu wa hoteli, dereva wa lori au mwalimu wa shule isiyo ya Serikali, sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili anapomwachisha kazi. La kwanza ni kwamba ipo sababu halali: mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. La pili ni kwamba utaratibu wa haki umefuatwa. Sababu nzuri yenye utaratibu mbovu haitoshi, na utaratibu mzuri hauiponyi sababu mbovu. Zipo pia sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali, mojawapo ikiwa ni ujauzito. Mwajiri anayemwambia binti aliyeshika mimba asirudi kazini anavunja sheria, hata kama amemlipa mshahara wa mwezi mzima na kumshukuru kwa maneno mazuri.

Katika makosa ya nidhamu, mfanyakazi hupaswa kuelezwa tuhuma zake, kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na kusikilizwa akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Biashara inapoyumba na watu kulazimika kupunguzwa, mwajiri hutakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na wanaohusika kuhusu nani apunguzwe, kwa vigezo gani na kwa malipo gani. Kubandika orodha ya majina getini siku ya Ijumaa si mashauriano.

Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi ya siku zisizopungua 28, au malipo badala ya notisi hiyo. Aliyetumika mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa hesabu hiyo, aliyetumika miaka 6 hulipwa siku 42. Aliyeachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hanufaiki na malipo hayo, lakini naye hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na kupewa cheti cha utumishi. Ieleweke pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6.

Mlango wa mfanyakazi huyu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake, CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Kwanza hukaa msuluhishi, awapatanishe. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika huomba mapitio katika Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Siku 30 ni chache kuliko mtu aliyechanganyikiwa anavyodhani. Wiki ya kwanza humezwa na mshtuko, ya pili na kumbembeleza bosi, ya tatu na kusaka nauli. Ya nne ikifika, mwajiri anaahidi kwamba "mambo yatakaa sawa mwisho wa mwezi". Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mtumishi wa umma ana njia nyingine. Kabla ya kuthibitishwa kazini hupita katika kipindi cha majaribio. Baada ya hapo, kosa kubwa linalodaiwa dhidi yake hushughulikiwa na mamlaka yake ya nidhamu kwa hatua zilizoandikwa katika Kanuni za Utumishi wa Umma: hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea kwa maandishi, kamati ya uchunguzi inayowasikiliza pande zote mbili, kisha uamuzi. Asiyeridhika hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 tangu alipopokea uamuzi, na juu ya Tume yupo Rais. Kwa walimu wa shule za Serikali, mashauri ya nidhamu husikilizwa na Tume ya Utumishi wa Walimu katika ngazi ya wilaya, na rufaa huenda makao makuu ya Tume hiyo.

Hapa ndipo penye shimo ambamo wengi wametumbukia. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hawezi kukimbilia vyombo vya sheria za kazi kabla ya kumaliza njia zote zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba CMA haina mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa umma, hata yule wa shirika la umma. Mtu anaweza kufungua shauri, akashinda kwa mwamuzi, akashangilia na ndugu zake, na baada ya miaka akaambiwa kwamba ushindi ule haukuwa na mamlaka nyuma yake. Wakati huo siku zake 45 zimepita zamani. Aliyekosea mlango hupoteza haki ambayo huenda ilikuwa yake kabisa.

Wanaosema mtumishi wa Serikali hafukuziki wakumbuke tarehe 28 Aprili 2017. Siku hiyo, mjini Dodoma, Rais Dkt. John Pombe Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Katika kipindi hicho waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kwamba wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe, kwa kuwa walipoajiriwa sharti la kidato cha nne lilikuwa halijawekwa. Matukio hayo mawili yana funzo. Ajira iliyojengwa juu ya karatasi ya uongo haikusimama hata baada ya miaka mingi. Ajira iliyopatikana kihalali ilirudi, na iliyoirudisha ni tarehe iliyoandikwa katika barua.

Wapo wananchi wanaouliza, na swali lao ni la haki: kwa nini mtoro asiondolewe siku hiyo hiyo? Mama aliyetembea kilomita nyingi hadi zahanati na kukuta mlango umefungwa hana subira ya kusikia habari za hati za mashtaka. Kanuni zenyewe haziko upande wa mtoro: kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Lakini njia ya mkato humrudisha mtoro. Tume inapokuta kwamba mtumishi hakupewa hati ya mashtaka au hakusikilizwa, huamuru shauri lianze upya, na zahanati ile ile hukaa na pengo kwa muda mrefu zaidi. Msimamizi anayeandika mahudhurio kila siku, akatoa onyo kwa maandishi na kufungua shauri kwa wakati, humtendea yule mama wema mkubwa kuliko anayefoka mbele ya watu.

Tena ulinzi huo haukuwekwa kwa ajili ya mtumishi peke yake. Mhasibu anayekataa kuidhinisha malipo yasiyo halali na mkaguzi wa afya anayeifunga bucha chafu ya mtu mwenye jina wanahitaji kujua kwamba kesho hawataondolewa kwa simu ya mtu. Mwananchi ndiye mwenye faida.

Yapo machache ya kufanya, nayo hayahitaji wakili. Kila mwajiriwa atunze barua ya ajira au mkataba, hati za mishahara, na kila barua ya onyo au ya sifa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nayo ni mali. Mwajiri wa sekta binafsi ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, kwani asipoweza kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha makubaliano humwangukia yeye. Yeyote anayepokea barua ya kuachishwa aandike tarehe aliyoipokea, kwa kuwa siku zinahesabiwa. Anayetakiwa kufika mbele ya kamati afike, maana asiyekuwepo na lake halipo. Mwanachama wa NSSF aliyepoteza kazi bila kuiacha mwenyewe aulize kuhusu fao la kukosa ajira kabla ya kufikiria kuuza shamba.

Watumishi wa Halmashauri wenye mashaka juu ya hatua za nidhamu wafike idara ya utumishi mapema, barua zikiwa mkononi. Wafanyakazi na waajiri wa sekta binafsi wamwone Afisa Kazi wa mkoa au waende ofisi ya CMA. Heri kuuliza siku ya pili kuliko siku ya thelathini na moja.