Barabara Kuu na Njia za Panya: Mkulima wa Kahawa na Mipaka ya Haki ya Kukusanyika



Nimeombwa nizungumzie maandamano ya wakulima na ufungaji wa barabara. Ukitoka leo Mutukula ukapita Bukoba na Muleba hadi Lusahunga, hutakuta magogo wala matairi yanayowaka kwa sababu ya bei ya kahawa. Wapo wanaoliona hilo wakasema mkulima wa huku ni mpole, au ameridhika. Mimi nasema hasira yake imebadili njia tu. Haikai barabara kuu. Hupita njia za panya, usiku, gunia likiwa nyuma ya pikipiki au ndani ya mtumbwi, kuelekea Uganda.

Zamani hakuwa akijificha. Mwaka 1937 serikali ya Mwingereza, ikitumia mamlaka ya Bakama, watawala wa jadi wa huku, ilileta kanuni za lazima za kutunza mibuni. Ofisa kilimo akawa anaingia kwenye kibanja ambacho mtu ameachiwa na babu yake, anampangia cha kufanya. Watu walikataa, tawi la African Association la Bukoba likawa mdomo wao, mambo yakaishia kwenye ghasia na waliokuwa mbele wakakamatwa. Mwaka 1953 ikawa zamu ya migomba. Serikali ilikuwa na kampeni ya kupambana na fukusi, wenye migomba hawakuitaka. Ali Migeyo akauhutubia umati Kamachumu, hapa hapa Muleba ya leo. Polisi waliutawanya kwa mabomu ya machozi, na Migeyo akaenda jela.

Tazameni kilichovunjwa Kamachumu. Kilikuwa mkutano. Serikali ya kikoloni iliogopa watu waliokaa wakimsikiliza mtu mmoja kuliko ilivyoogopa barabara kuzibwa, na tabia hiyo haikuondoka yote pamoja na bendera ya Mwingereza.

Hadi miaka ya tisini, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha polisi. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akasema haki iliyomo katika ibara ya 20 ya Katiba haiwezi kuwa hisani ya ofisa wa polisi. Kinachotakiwa sasa, kwa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, ni taarifa ya maandishi, saa 48 kabla, kwa ofisa msimamizi wa eneo: mahali, saa, na madhumuni. Ukishaipeleka, unaendelea na mkutano wako mpaka upewe amri ya kuuzuia. Na ofisa hawezi kutoa amri hiyo kwa kutopenda tu. Lazima aridhike kwamba kuna nia ya kuvunja sheria, au amani na usalama wa watu viko hatarini.

Hiyo ndiyo sheria ilivyoandikwa. Vijijini mambo ni mengine: taarifa bado inaitwa kibali, na mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika anarudi kituoni kuuliza “tumekubaliwa?” Zuio la mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, lililoanza mwaka 2016 na kuondolewa Januari 3, 2023, lilizidi kuwachanganya watu. Lilihusu siasa, lakini ukiwa Nshamba au Izimbya, nani atakutofautishia siasa na makato ya kahawa?

Sasa tuje kwenye kahawa yenyewe. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya wakulima iuzwe kupitia ushirika, wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini. Sababu ilieleweka. Butura, ile biashara ya kununua kahawa ingali maua kwa bei ya njaa, imefilisi familia nyingi. Lakini mfikirieni mkulima siku ya kupeleka mzigo. Amefika alfajiri na magunia mawili ya kahawa ya maganda. Karani anapima unyevu, anasema kahawa haijakauka, ianikwe tena. Anaianika kwenye turubai pale pale uani. Jioni inapita mzani, anapewa stakabadhi, fedha ni baadaye. Mwezi unapita, shule zinafungua. Akiuliza, chama cha msingi kinasema chama kikuu, chama kikuu kinasema benki. Ng'ambo ya mpaka yuko mtu anayelipa taslimu usiku huo huo.

Tumezoea kuyaita magendo, na kisheria ni magendo kweli. Lakini mtu aliyenyimwa mahali pa kuhoji mzani na malipo naye anaandamana. Ameandamana kwa gunia lake. Minada ya wazi ya miaka ya karibuni, inayofanyika wakulima wakisikia bei kwa masikio yao, imefanya kazi ambayo vizuizi vingi havikuweza.

Wenzetu wa korosho wametupa mifano miwili inayopingana. Liwale, Aprili 2013, wakulima waliambiwa malipo ya pili yatakuwa pungufu ya waliyoyatarajia, na nyumba za viongozi zikachomwa moto. Hakuna bei inayohalalisha hilo. Newala na Tandahimba, Oktoba 2018, wakulima walikaa mnadani wakazikataa bei za wanunuzi. Hawakuziba barabara. Mwezi uliofuata Rais Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaenda kusomba. Yaliyofuata kwenye malipo ni mada nyingine, ndefu na chungu. Ninachotaka mwone ni kwamba “hapana” iliyosemwa mnadani ilifika Ikulu.

Na kufunga barabara je? Kuna kesi moja ya Ulaya ambayo watu wengi huinukuu nusu. Mei 2003 wakulima wa Lithuania, bei ya maziwa ikiwa imeanguka, waliruhusiwa kukusanyika sehemu zilizotajwa. Kisha wakaingiza matrekta barabara kuu na kuzifunga kwa takriban siku mbili. Waliokuwa mbele walihukumiwa kifungo cha siku 60, kikaahirishwa. Oktoba 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba haki yao haikuvunjwa. Wanaopenda amri watawasomea hapo tu. Nusu ya pili ni kwamba wakulima wale walikuwa wamepewa mahali pa kukutana, na walikutana bila kubughudhiwa. Walichoadhibiwa ni kuongeza makusudi adha ambayo haikuhitajika ili wasikike. Hoja hiyo haimfai ofisa aliyeuzuia mkutano wenyewe.

Mimi siungi mkono kuziba barabara hapa kwetu, na sababu yangu ni ya kijiografia zaidi kuliko ya kisheria. Mjamzito anayetolewa Rubya kupelekwa hospitali ya rufaa Bukoba hana barabara ya akiba. Lori la mizigo linaweza kungoja, yeye hawezi. Chama kitakachoandamana kando ya barabara hii kiandike ndani ya taarifa yake nani atasimamia njia ya gari la wagonjwa, na namba yake ya simu.

Kwa upande wa polisi, ombi langu ni dogo. Amri ya kuzuia itolewe kwa maandishi, itaje sababu, na imfikie mwandaaji angali na muda wa kuhamishia mkutano kwenye uwanja wa shule. Sheria inampa aliyezuiwa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri. Rufaa ya kutoka Kamachumu kwenda Dodoma itajibiwa kahawa ikiwa imeshavunwa, imeshakauka na imeshavuka mpaka. Ndiyo maana napendekeza tujadili mchana huu kama Mkuu wa Polisi wa Wilaya na ofisa ushirika wanaweza kukaa na mwandaaji ndani ya zile saa 48, kabla ya amri yoyote kuandikwa.