Deni Lisitutoe Baharini

(Mazungumzo na vikundi vya wavuvi, wavushaji na mama karanga wa Ghuba ya Ungwana, mwanzo wa kusi)

Kwanza tukiri jambo moja. Wengi wetu katika kazi hii ya maendeleo ni watu wa bara. Tunayajua mahindi kuliko tunavyomjua jodari, na mengi tutakayosema leo tulifundishwa na manahodha wa hapa hapa. Kwa hivyo tukikosea neno la bahari, mtusahihishe bila haya.

Tumewaita kwa sababu ya ile boti. Kikundi chenyewe hatukitaji, mnakijua. Kilikopa kwetu pesa za boti, mashine na nyavu, na kikakubali kulipa kila Jumamosi. Mwezi wa Julai upepo ukavuma siku nne mfululizo, asitoke mtu. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Watu watano wakaona heri watoke kuliko kuja mkutanoni mikono mitupu. Asubuhi maji ya ufuoni yalikuwa yametulia kama maji ya karai. Mchana, saa nane, wakirudi, boti ikapinduka mlangoni. Wanne waling'ang'ania mgongo wa boti mpaka wakaokolewa. Mmoja hakurudi.

Sasa, ni nani aliyepanga malipo ya kila Jumamosi, Januari mpaka Desemba, kana kwamba bahari ni duka linalofunguliwa kila siku? Ni sisi. Tulipanga ofisini, mbali na upepo. Tumeona tuseme haya mbele yenu kabla ya kumfundisha mtu yeyote habari za usalama.

Haya, tuje kwenye upepo wenyewe. Kaskazi na kusi mnazijua tangu utotoni. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei mpaka Septemba, nguvu zake zikiwa Juni, Julai na Agosti. Katikati, Oktoba na Novemba, ndiyo matlai, bahari imelegea. Mtoto mmoja wa shule alituuliza kwa nini upepo unageuka. Ni jua. Linapokuwa upande wa kaskazini mwa dunia, nchi kavu ya Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda juu, na hewa ya bahari ya kusini huvutwa kwenda kujaza pengo. Jua likirudi kusini, mambo yanageuka. Lakini mwezi wa kalenda ni wa kukadiria tu. Kusi hailetewi barua ya kuianzisha tarehe mosi.

Juu ya upepo wa msimu kuna upepo wa kila siku, na hapa ndipo watu wetu walipodanganyika. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari. Alfajiri huja umande kutoka bara, upepo mwepesi, na ndio unaowatoa wenye matanga. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto, na upepo wa bahari unaanza kuingia. Wakati wa kusi, huo upepo wa bahari hauji peke yake, unajazia juu ya kusi iliyoko. Ndiyo maana saa moja asubuhi ni shwari na saa nane mchana ni vita. Anayepima bahari alfajiri anapima ile ya kwendea. Ya kurudia hajaiona bado.

Tena ghuba ina uongo wake. Ninyi wa Ngomeni, rasi inawakinga na kusi. Ukisimama penye mikoko ukatazama maji, ile shwari unayoiona ni ya kukopeshwa. Ukishapita ncha ya rasi unakutana na mawimbi ambayo hayakuzuiwa na kitu tangu bahari kuu. Ninyi wa upande wa Kipini hamna hata huo mkopo: kusi inaingia moja kwa moja, na maji yenu hayana kina kirefu. Wimbi likigusa chini husimama na kuvunjika.

Pabaya zaidi ni mlangoni, pale mto Tana unapotoka. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Maji yakipwa hutoka kwa kasi pamoja na maji ya mto. Upepo nao unaingia. Vikikutana, mawimbi hayawi marefu ya kubembea, yanakuwa mafupi, yamesimama kama ukuta, na boti haipati nafasi ya kuinua kichwa. Saa ile ile, upepo ule ule, maji yakiwa yanajaa, mlango unapitika vizuri zaidi. Basi ukikuta maji yanatoka na upepo unaingia, kaa nje penye kina, au kama unaweza, subiri yageuke. Ni kungoja, hakuna ujanja mwingine. Samaki wakiharibika, waharibike.

Redioni na kwenye simu mtasikia upepo ukitajwa kwa noti. Si noti za benki! Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Maonyo ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya mara nyingi hutaja upepo unaozidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Nchi kavu, upepo wa namna hiyo unafanya mwavuli uwe taabu kushika. Na mkumbuke hesabu hii: upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kwa hivyo anayesema "umeongezeka kidogo tu" hajui anachosema. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, Tanzania, na huku kwetu idara ikatoa onyo la upepo na mawimbi makali. Vimbunga si kawaida karibu na ikweta, lakini mawimbi yake hayaombi pasi mpakani.

Wazee wa zamani walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Jirani akitoka, hujui ana mashine ya nguvu gani, ana mafuta kiasi gani, au ana deni gani.

Juu ya vyombo hatutasema mengi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, si la kukaliwa. Upo wa kufulia maji uwemo. Simu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mtu aliyebaki pwani ajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Na nanga iwe na kamba ndefu. Mashine ikizima, boti hugeuka ubavu kwa wimbi, na hapo ndipo inapojaa. Tupa nanga kutoka omo, kichwa kielekee upepo, kisha ndio ufungue mashine utazame.

Sasa turudi kwenye pesa, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tangu ajali ile tumebadilisha karatasi. Juni, Julai na Agosti kikundi cha baharini kinalipa kinachoweza, na kisipoweza hakitozwi faini. Wakati wa kaskazi na matlai kinalipa zaidi kidogo, na kinaweka akiba ya kusi kando, isiguswe kwa harusi wala kwa matanga. Tunajua ni vigumu. Vikundi viwili vimeshaila akiba yake.

Na akina mama karanga, msikasirike. Anayetoa pesa za petroli jioni, asubuhi naye ana haraka ya samaki, na mume au kijana anaona haya kumwambia hatoki. Kwa hivyo kauli ya kutotoka isiachiwe nahodha peke yake. Itolewe na kamati, na ndani ya kamati wawemo wanaonunua samaki.

Kikundi kimoja kimependekeza bendera nyekundu ufuoni: ikipandishwa, hakuna boti ya kikundi itakayotoka. Tumeuliza ni nani atakayeipandisha saa kumi na moja alfajiri, kabla mashine hazijawashwa. Mama mmoja anayeamka saa hizo kuwasha moto akasema ni yeye, bora kijana wake amsomee utabiri kwenye simu usiku. Kitambaa ameshakikata kutoka leso yake ya zamani. Mti wa bendera bado unatafutwa.