Taa ya Injini Ikiwaka na Gari Halivuti

Umepakia familia, unapanda mlima Kitonga kuelekea Iringa. Mara gari, lenye umri wa miaka kumi na kitu, halivuti tena. Injini inatetemeka, na kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye umbo la injini. Ufanyeje?

Kwanza, itazame taa. Ikiwaka bila kupepesa, endesha taratibu ukatafute fundi. Ikipepesa, egesha pembeni mahali salama: huenda petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi, na masega ni ghali.

Pili, usikubali fundi abadilishe vipuri kwa kubahatisha. Mwambie achomeke mashine ya kupima, asome kodi, yaani namba ya hitilafu. P0301, kwa mfano, maana yake silinda ya kwanza haichomi vizuri; gari linamisi. Lakini kodi inakuonyesha mtaa tu, nyumba uitafute mwenyewe. Kama kila silinda ina koili yake, fundi abadilishane koili ya silinda ya kwanza na ile ya silinda ya pili, kisha apime tena. Kodi ikigeuka P0302, mbovu ni koili. Ikibaki palepale, akague plagi, halafu nozeli.

Na kama kodi haisemi lolote kuhusu silinda? Tazama chujio la hewa, pampu ya mafuta, na masega yaliyoziba.

Kufuta kodi si kutengeneza gari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Safari njema.